Nchi Iliyolaza Picha Kitandani

Mzee Hizza Shemweta hakupenda kueleza alivyofika nchi ya Uangavu. Akiulizwa, alijibu kwamba alikwenda kwa miguu yake mwenyewe, na mwenye kutaka habari za njia akawaulize mafundi wa barabara. Yeye alitaka kusimulia alichokiona. Na alichokiona alikiona kwa macho yaliyojifunza kusoma ukubwani, katika madarasa ya jioni pale Mombo, baada ya kazi za ghala la mkonge. Macho ya namna hiyo, alisema, hayadanganyiki upesi.

Sababu ya safari ilikuwa kikohozi. Kilimganda tangu masika, na daktari wa kwao akamwandikia apigwe eksirei ya kifua. Mzee akauliza, "Ya nini?" Daktari, mwenye foleni ndefu mlangoni, akamjibu, "Mzee wangu, nenda tu kapige." Sasa Hizza hakuwa mtu wa kwenda tu. Tangu alipojua kusoma hakuwahi kutia sahihi karatasi asiyoielewa, wala kumeza kidonge asichokijua jina. Akaikunja ile karatasi, akaitia mfuko wa koti, akafunga safari kwenda kwa watu waliosifika kuzijua eksirei kuliko watu wote wa dunia.

Kabla ya kufika kwao ilimbidi apite Usitara, nchi iliyotenganishwa na Uangavu kwa mto. Huko hakukaa. Watu wa Usitara wanaamini kwamba Mungu aliufunika mwili kwa ngozi kwa makusudi, na kuuchungulia ndani ni utovu wa adabu. Eksirei kwao ni marufuku, kwa kuwa, wanasema, inanyonya uboho ulio ndani ya mifupa. Aliyempa Hizza maji ya kunywa alikuwa mkulima mwenye mguu uliopinda kama mpini wa jembe uliochongwa na mlevi. Ulivunjika, ukafungwa kwa kubahatisha, ukaunga ulivyopenda wenyewe.

"Lakini uboho wangu wote ninao," mkulima alisema kwa fahari, kisha akaomba ashikwe mkono ili ainuke.

Katikati ya mto kulikuwa na kisiwa cha changarawe ambacho nchi zote mbili zilikikataa. Hapo aliishi Daktari Hadiya, mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha na vyombo vya upasuaji vilivyong'aa kuliko sufuria zake. Alimkaribisha mgeni kwa uji wa tangawizi.

"Usitara walinifukuza kwa kosa la kutaka kuona," alimweleza. "Nikavuka kwenda Uangavu. Wale wakanifukuza kwa kosa la kutaka kuuliza."

"Kuuliza nako ni kosa?"

"Kubwa. Daktari anayemwuliza mgonjwa anaumwa wapi, kule huhesabiwa kwamba ameitukana picha."

Hizza akatoa karatasi yake mfukoni. Daktari akaisoma, akasikiliza mzee anavyokohoa, akarudisha karatasi. "Nikwambie sasa kwa nini umeandikiwa, au unataka kwanza kuwaona wanaozijua picha?"

"Nimetoka mbali kwa ajili yao."

"Basi nenda, mzee wangu. Ukirudi swali bado unalo, nitakujibu."

Kwenye lango la Uangavu palikuwa na ofisa kijana aliyevaa shingoni picha ya mbavu zake, imetiwa fremu nyeusi na kuning'inizwa kwa mkufu. Hakuitikia salamu mpaka alipomtazama mgeni kifuani na kukuta tai.

"Picha?"

"Sina. Nina kitambulisho."

Ofisa akakigeuza kitambulisho mbele na nyuma. "Hiki kinaonyesha uso. Uso kila mtu anao. Mifupa iko wapi?"

"Imo ndani, mwanangu. Ndiyo iliyonisimamisha hapa mbele yako."

"Hayo ni maneno, mzee. Ingia hapo tukupige. Ni bure."

"Mnatafuta nini?"

Ofisa akashangaa kwa dhati. "Hatutafuti. Tunapiga."

"Basi sipigwi," Hizza akasema, akatengeneza tai yake.

Ofisa hakukasirika. Sheria ilikuwa imekwisha kuliona jambo hilo. Asiye na picha hana ushahidi wa mifupa. Asiye na mifupa hawezi kusimama. Na asiyeweza kusimama huchukuliwa kwa machela, asimame asisimame. Vijana wanne wenye mabega mapana wakaleta machela ya turubai, wakamwomba mzee kwa adabu alale. Hizza alikataa kulala. Alikaa wima juu yake, kofia kichwani, akiwapungia watu mkono barabara nzima, maana aliona kwamba kama lazima mtu abebwe, basi abebwe kama waziri.

Desturi inataka mgeni asiye na mifupa alale kwa mkubwa wa nchi, ili aangaliwe asije akamwagika. Kwa hiyo machela ilitua uani kwa Mheshimiwa Machano, Msomaji Mkuu wa Picha. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kanzu safi na picha nyingi kifuani kiasi kwamba akigeuka zilitoa mlio kama vyombo vinavyooshwa. Mkewe, Bi Somoe, alivaa moja tu. Binti yao Zuwena, aliyekuwa karibu kumaliza shule, alikuja kumsalimu mgeni huku akijizuia kucheka.

"Shikamoo, babu. Kweli huna mifupa?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Ninayo, ila haijapitia serikalini."

Zuwena akacheka mpaka akashika ukuta. Tangu hapo akawa ndiye anayemletea mzee chai, na kumweleza mambo ya nchi ambayo wakubwa hawakuona haja ya kuyaeleza.

Kwa maelezo ya binti huyo, na kwa macho yake mwenyewe, Hizza akajifunza mengi. Waangavu hupigwa picha kila siku ya gulio, mzima na mgonjwa, mtoto na mkongwe, mwenye sababu na asiye nayo. Wakikutana hawaulizani hali. Mmoja husema, "Picha inasemaje?" na mwenzake hujibu, "Safi," hata kama anajibu huku ameshika shavu kwa jino. Posa hupelekwa na picha ya uti wa mgongo wa kijana, na wazee wa upande wa mke huiinua kwenye mwanga wakahesabu pingili. Mgombea mmoja aliyependwa na kila mtu alishindwa uchaguzi kwa sababu ubavu wake mmoja ulionekana umeegemea upande wa wapinzani. Na juu ya mlango wa kila ofisi imeandikwa sheria mama ya nchi, iliyotungwa na Mheshimiwa Machano mwenyewe: KISICHOONEKANA PICHANI HAKIPO.

Lakini kilichomkalisha chini Hizza kilikuwa hospitali. Machano alimpeleka mwenyewe, kwa fahari ya mtu anayeonyesha shamba lake. Wodi zilikuwa pana, zimepigwa deki, madirisha yako wazi. Kwenye kila kitanda, juu ya mto mweupe, chini ya shuka iliyokunjwa vizuri, ililala picha. Wauguzi walipita kimyakimya wakizifuta vumbi. Picha ya kifua ilikuwa imewekewa chupa ya maji ya moto. Picha ya tumbo ilikuwa imepunguziwa chumvi. Nje, kwenye mabenchi ya barazani, walikaa wenye picha, waliokuja kuziangalia kama wagonjwa wao na kuziletea uji.

Fundi mwashi mmoja alikaa pembeni, mguu wake umevimba kama gogo la mgomba.

"Unaendeleaje, fundi?" Hizza akamwuliza.

"Inaendelea vizuri, mzee. Wameshaifunga plasta."

Hizza akachungulia. Kweli, kitandani picha ya mguu ilikuwa imezungushiwa plasta ngumu kutoka pembe mpaka pembe, nayo imeinuliwa juu ya mto isivimbe.

"Na mguu wenyewe?"

Fundi akautazama mguu wake kama mtu anayekumbushwa jamaa wa mbali. "Mguu? Mguu unangoja."

Mwisho wa wodi, kwenye kitanda namba moja, palikuwa na shuka iliyotariziwa. Machano akavua kofia. Ilikuwa picha ya bega, na mfupa wake wa mtulinga umevunjika vipande viwili, wazi kabisa.

"Nilianguka kwenye ngazi nikiwa kijana," akanong'ona. "Bado haijapona."

"Pole, Mheshimiwa. Linauma?"

"Bega? Aa, halijauma tangu siku hizo." Akauzungusha mkono wake kuonyesha. "Picha ndiyo haijapona. Kila asubuhi naitazama. Ufa uko vilevile."

Hizza akageuka kuzitazama wodi, kitanda baada ya kitanda, na hapo akaelewa kwa nini hapakuwa na kitanda hata kimoja kilicho wazi. Picha haiponi. Iliyovunjika siku ile imevunjika mpaka leo, na itakuwa imevunjika hata mwenyewe akishacheza ngoma ya harusi za wajukuu wake.

Mambo yangebaki ya kuchekesha kama Zuwena asingeugua.

Asubuhi moja hakuleta chai. Bi Somoe alisema mtoto ana kichefuchefu na maumivu ya kitovu. Siku ya pili alitembea ameinama, mkono wake umeshika upande wa kulia chini ya tumbo. Alipelekwa kupigwa picha ya tumbo, ikatoka safi. Akarudishwa, ikatoka safi. Kila aliporudi nyumbani, maumivu yalirudi naye, na kila alipolia, watumishi waliangaliana, kwa kuwa mtu mwenye picha safi anayelalamika anatenda kosa linaloitwa uzushi wa maumivu. Adhabu yake ni kutembezwa gulioni na picha yake safi imebebwa mbele yake, ili watu waone ukweli unavyotofautiana na yeye.

Mchana huo Hizza alikuwa barazani akisikia kupitia mlango ulio wazi.

"Mwite Hadiya," Bi Somoe alisema.

"Nimemfukuza mimi mwenyewe, mama Zuwena."

"Basi mwite wewe mwenyewe."

"Nimwambie nini? Kwamba picha ni safi?"

"Mwambie mwanao anaumwa!"

Kisha sauti ya Machano, imepungua. "Tangu jana nimeitazama picha ile mpaka macho yamewasha. Hakuna kitu, Somoe. Hakuna. Unataka niamini nini, kilio cha mtoto au kitu ninachokiona?" Na baada ya hapo akasema mtu mkubwa hawezi kuvunja sheria kwa ajili ya nyumba yake, atalipeleka jambo Barazani, mbele ya wajumbe wa nchi, kesho asubuhi kama la mtu yeyote.

Bi Somoe alitoka akamkuta mgeni amekwisha simama.

"Mama," Hizza akasema, "ile machela yangu. Langoni huwa wanafunua kuangalia aliyemo?"

Bi Somoe akamtazama. "Asiye na mifupa hafunuliwi. Ni haramu kumtikisa."

"Wale vijana wanne wamezoea kunibeba, na mimi kesho nina hamu ya kutembea."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Bi Somoe aliingia ndani akatoa blanketi zito.

Asubuhi Baraza lilijaa. Zuwena aliletwa akakalishwa kwenye kiti, amejikunja, jasho limemtoka usoni, midomo imekauka. Picha zake zilitundikwa ukutani, zikawashiwa taa nyuma, na wajumbe wakazigeukia zote kwa pamoja. Hakuna aliyemgeukia yeye.

Mjumbe Ligunda, mwenye sauti nene, alikuwa wa kwanza kusimama. Alisema kosa ni uchache: apigwe nyingine, kisha nyingine, mpaka maumivu yachoke kujificha. Wa pili alisema picha ni za kutosha ila ni ndogo, zikuzwe zifike dari. Wa tatu alitaka fremu zibadilishwe. Mjumbe mmoja mwembamba, aliyejulikana kwa kufikiri sana, alipendekeza apigwe mama, kwa kuwa huenda binti ameyarithi maumivu na asili yake ikaonekana huko. Mwingine akanyoosha kidole kwa Hizza na kusema nchi haikuwa na maumivu yasiyoonekana kabla ya kuja mtu asiyeonekana mifupa, "na leo amethubutu kuja kwa miguu!"

Watu wakaguna. Zuwena, bila kuinua kichwa, akasema, "Baba, naomba nilale chini." Machano alikaa kwenye kiti cha enzi, picha zake zimetulia kifuani, uso umemkauka.

Hizza Shemweta akainua mkono. Aliuinua kama alivyofundishwa darasani, kiwiko kimenyooka, akangoja aitwe. Hakuna aliyejua maana ya mkono ule, kwa sababu pale Barazani hakuna aliyewahi kuuliza, hivyo alisimama bila kuitwa.

"Waheshimiwa, mimi nina jambo dogo. Mara ya kwanza mlipompiga huyu binti picha ya tumbo, mlikuwa mnatafuta nini?"

Wote wakamgeukia fundi wa picha. Fundi akainuka, akasema kwa ujasiri wa mtu anayejibu jambo rahisi, "Hatutafuti. Tunapiga."

"Na picha imesemaje?"

"Imesema hakuna kitu."

"Basi ni haki yenu," Hizza akasema. "Hamkuuliza kitu, na imewajibu hakuna kitu."

"Mkalisheni huyo!" Ligunda akanguruma. "Mtu mzima hata picha ya kidole hana, anakuja kutufundisha!"

"Sifundishi. Mimi mwenyewe nimekuja kujifunza, na nauli nimejilipia."

Hapo mlango ukafunguka. Vijana wanne waliingia na machela, wakaitua katikati ya ukumbi, na kutoka chini ya blanketi zito akatoka Daktari Hadiya, amelowa jasho, mkoba wake kifuani.

"Shikamooni nyote," alisema. "Msisimame. Najua sitakiwi."

Alipiga magoti mbele ya kiti cha Zuwena kabla mtu yeyote hajapata sauti, na akafanya mbele ya Baraza zima kile ambacho sheria ilikuwa imekikataza. Alimwuliza.

"Mwanangu, yalianzia wapi?"

"Hapa kitovuni. Halafu yakashuka huku."

"Umekula?"

"Sitaki hata harufu ya chakula."

"Umetapika?"

"Jana. Na leo."

"Kuna uwezekano wowote una mimba? Nakuuliza wewe, si wazee hawa."

"Hapana, daktari."

"Asante. Hilo lilipaswa kuulizwa kabla ya picha ya kwanza, maana miali hii ya eksirei haifai kumpiga mtoto aliye tumboni kama si lazima." Akamlaza juu ya machela taratibu, akabonyeza tumbo upande wa kulia, polepole, kisha akaachia ghafla. Zuwena akalia.

Daktari akainuka. "Ni kidole tumbo. Kimeoza. Tukiumaliza mchana huu hapa tukizungumza, kitapasuka, usaha utasambaa, na mtampoteza."

"Picha ni safi," Machano akasema. Ilikuwa kama sauti ya mtu aliyeshikilia ukingo wa kisima.

"Ni safi kweli, Mheshimiwa. Picha yako haijasema uongo." Daktari akaiendea ile iliyotundikwa ukutani. "Tazama. Miali ile hugota kwenye mfupa, ndiyo maana mfupa ni mweupe. Hupita kwenye hewa, ndiyo maana hewa ni nyeusi. Nyama laini zote inazifanya kijivu. Kidole tumbo ni nyama laini ndani ya nyama laini, kijivu ndani ya kijivu. Mtoto angekuwa amemeza pini, ningekuwa wa kwanza kuitaka picha hii. Angekuwa amevunjika, nisingemgusa bila kuiona, tena mbili, moja ya mbele na moja ya ubavuni, kwa kuwa ufa unaweza kujificha upande mmoja. Mmeiuliza picha jambo isilolijua. Si kosa lake."

"Maneno!" Ligunda akasema.

"Ndiyo, maneno. Kwa hiyo msiniamini." Akamgeukia Machano. "Mheshimiwa, shuka uje. Weka mkono wako."

Watu wa Uangavu wanasema mpaka leo kwamba Msomaji Mkuu alichukua muda mrefu sana kushuka ngazi zile. Alipiga magoti, picha zake zikagonga sakafu, akazivua zote akaziweka pembeni. Akaweka kiganja tumboni kwa mwanawe. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao, na la moto. Akabonyeza kidogo, akaogopa, akaachia.

"Baba!"

Machano alibaki ameshika hewa pale mkono wake ulipokuwa. Hakuitazama tena taa ya ukutani.

"Unahitaji nini?" akamwuliza daktari, na hilo lilikuwa swali la kwanza kuulizwa Barazani na mkubwa wa Uangavu tangu Baraza lianzishwe.

"Chumba safi, maji ya moto, na kitanda."

Msimamizi wa hospitali, aliyekuwa amesimama nyuma, akainamisha kichwa. "Mheshimiwa, vitanda vyote vina wagonjwa. Tukimtoa mmoja, mwenyewe atashitaki. Labda apangwe kwenye benchi, akasubiri..."

"Beba," Machano aliwaambia vijana wa machela.

Walikwenda mbio, na Baraza zima nyuma yao, na Hizza Shemweta katikati akikohoa na kutembea kwa miguu yake bila kukamatwa na mtu. Machano alitangulia. Aliingia wodini, akapita vitanda vyote bila kugeuka, mpaka kitanda namba moja. Akaifunua ile shuka iliyotariziwa. Akaitazama picha ya mtulinga wake uliovunjika, kisha akauinua mkono ule ule wa bega lile, akaichomoa picha kitandani na kuisukuma kwapani kama gazeti la jana.

"Mlazeni hapa," akasema.

Akamwinua Zuwena yeye mwenyewe kutoka kwenye machela, kwa mikono yote miwili, na bega halikumuuma.

Walimtayarisha hapo, wakamwosha, kisha wakamsukuma na kitanda chake hadi chumba cha upasuaji, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kimetumika kukatia picha pembe. Machano na Bi Somoe walikaa nje kwenye benchi, na picha ya mtulinga ikaegemezwa kati yao. Hizza alikaa upande wa pili. Wakati ulikwenda. Muuguzi mmoja, kwa mazoea, akaja kuifuta vumbi ile picha.

"Iache," Bi Somoe akamwambia. "Haisikii."

Daktari Hadiya alipotoka alikuwa amechoka mpaka hakusalimia. "Kilikuwa kimebaki kidogo sana kipasuke," alisema. "Atapona. Ameamka, anauliza kama babu asiye na mifupa bado yupo."

Machano akafunika uso kwa viganja vyake. Hakuna aliyemtazama, na hiyo ilikuwa heshima ya kwanza waliyompa bila picha.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka, kama yanavyokwenda mambo ambayo kila mtu alikuwa anayajua kimoyomoyo. Sheria mama haikufutwa, kwa kuwa Ligunda alisema ukutani ilikuwa imeandikwa kwa rangi ghali. Iliongezewa tu maneno chini yake, na Machano ndiye aliyeyatunga: MWULIZE MTU KWANZA. Fundi mwashi aliletwa ndani. Daktari Hadiya akaivua picha ya mguu wa fundi ile plasta, akainyanyua kwenye dirisha, akaitazama kwa makini, akaagiza nyingine ya ubavuni, akazitazama zote mbili. "Hizi nazihitaji," akasema. "Bila hizi ningekuunga kama walivyounga wenzangu wa Usitara." Kisha akaziweka chini, akaushika mguu.

Hizza alingoja mpaka daktari amenawa mikono. Akatoa karatasi yake mfukoni.

"Swali bado ninalo."

Daktari akacheka. Akamgonga mgongoni kwa vidole, akasikiliza mapafu, akamwuliza kama anatoka jasho usiku, kama amepungua mwili, kama makohozi yana damu. Mzee alijibu yote kwa ufupi na ukweli.

"Mapafu yamejaa hewa," daktari akasema, "na hewa hutoka nyeusi. Kama kuna mahali pameharibika, patatoka peupe, kama doa kwenye kioo. Huenda ni nimonia iliyochelewa kupona, huenda ni kifua kikuu, huenda si kitu. Kwa masikio peke yake siwezi kujua, wala yule wa kwenu hakuweza. Ndiyo maana aliandika. Miali yenyewe ni michache, ni mara moja, na kwa swali kama hili inastahili."

"Angenieleza hivyo tu," Hizza akasema, "ningekwenda siku ile ile. Haya, nipigwe."

Akapigwa. Alivuta pumzi akaizuia kama alivyoambiwa, kidevu juu. Kwenye picha palikuwa na doa dogo juu ya pafu la kulia. Daktari alimwonyesha kwa kidole, akamweleza kwamba picha imefanya kazi yake, imesema mahali, lakini jina lake litasemwa na makohozi. Akayapime kwao, na likiwa ni kifua kikuu kuna dawa, azinywe mpaka mwisho. Hizza akaitikia kwa kichwa. Aliyaelewa yote, na kwa hiyo hakuyaogopa.

Siku ya kuondoka alipita hospitali kumuaga Zuwena, aliyekuwa anakula uji na kulalamika hauna sukari. Wodi zilijaa watu. Walilalia mito, walikoroma, waligombana juu ya madirisha. Nje, barazani, picha zilikuwa zimepangwa kwenye mabenchi, moja kando ya nyingine, zinangoja kuitwa zitakapohitajika. Ya mtulinga ilikuwa ya mwisho mwishoni, na mtu alikuwa ameitundikia mwavuli.

Langoni alimkuta ofisa yule yule, mbavu zake bado shingoni. Kijana aliona bahasha kubwa ya kahawia chini ya kwapa la mzee, na uso wake ukachangamka.

"Ah! Umepigwa hatimaye, mzee. Leta tuone. Picha inasemaje?"

Hizza Shemweta akaikumbatia bahasha yake, akatengeneza tai, akasimama imara juu ya mifupa yake yote.

"Ninayo, mwanangu, na nitakuonyesha," alisema. "Lakini niulize mimi kwanza."